Ujerumani huanzia kwenye sanduku la barua

Ndugu Mhariri,

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, vijana wa Afrika Mashariki wamesikia mengi kuhusu lugha, viza na mishahara ya huko. Tunaomba nafasi tuzungumzie miezi ya kwanza baada ya kushuka kwenye ndege. Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha na usingizi, na chanzo mara nyingi ni kitu ambacho wakala hakukitaja kabisa: kikaratasi chenye jina kwenye sanduku la barua.

Kwa kawaida anwani ya Ujerumani ina jina la mtaa, namba ya jengo na msimbo wa posta. Namba ya mlango haimo. Mpeleka barua akifika kwenye jengo la ghorofa hutafuta jina kwenye masanduku, na asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Kwetu tuliozoea S.L.P., jambo hili ni geni, na mgeni anayelala kwa rafiki hafikirii hata kidogo kubandika jina lake pale chini. Lakini takriban kila kitu muhimu huko hufika kwa posta: namba ya kodi, kadi ya bima ya afya, kadi ya benki, na namba yake ya siri ambayo huja peke yake katika bahasha nyingine, siku nyingine.

Basi siku ya kwanza kabisa, omba ruhusa ya mwenyeji, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike kwenye sanduku na kwenye kengele. Liwe lile la pasipoti, hata kama nyumbani na kazini unaitwa kwa jina jingine. Mwenyeji akikataa, basi kila fomu utakayojaza iandikwe "c/o" (yaani "kwa kupitia") na jina lililoko kwenye sanduku, chini ya jina lako. Kujiandikisha serikalini hakuwapi posta taarifa kwamba umehamia hapo. Hizo ni ofisi mbili zisizohusiana.

Huko kujiandikisha huitwa Anmeldung. Sheria inatoa wiki 2 tangu kuhamia, na anayechelewa anaweza kutozwa faini hadi euro 1,000. Unakwenda na pasipoti, fomu ya mji, na karatasi iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba umehamia kwake na tarehe uliyohamia. Karatasi hii imekuwa ya lazima tangu Novemba 2015, na hapa ndipo watu wanapokwama: wanaleta mkataba wa upangaji wakidhani unatosha. Hautoshi. Vyumba vingi vya muda mfupi havitoi karatasi hiyo, kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kulipa hata senti moja ni hili: "Utanisainia Wohnungsgeberbestätigung?" Akisita, tafuta kwingine. Wapo pia wanaouza anwani ya kujiandikishia tu bila kukaa hapo. Anayeitoa anaweza kutozwa hadi euro 50,000, na wewe uliyeinunua hutapata barua zako, maana sanduku si lako.

Katika miji mikubwa mara nyingi miadi ya kujiandikisha haipatikani ndani ya wiki 2. Chukua iliyopo, hifadhi uthibitisho wake wenye tarehe, kisha fungua tovuti ya mji asubuhi mapema, maana waliofuta miadi huacha nafasi. Berlin inakuruhusu kwenda ofisi ya mtaa wowote mjini, si lazima ya kwenu.

Fomu hiyo ina swali moja ambalo wengi hulijaza haraka: dini. Ukiandika Mkatoliki au "evangelisch", kila mshahara utakatwa kodi ya kanisa. Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato (si ya mshahara wenyewe), na katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Anayekatwa kodi ya euro 200 kwa mwezi atakatwa euro 18 zaidi, au 16. Fedha hizo zinaendesha makanisa hayo, na muumini anayetaka kuchangia asione vibaya. Tatizo ni ndugu wa makanisa ya Kipentekoste wanaoandika "evangelisch" wakidhani maana yake ni mlokole. Sivyo. Neno hilo linamaanisha makanisa ya Kiprotestanti ya kimapokeo, Walutheri na Wareformati. Kutoka kunahitaji kwenda mwenyewe mahakamani au ofisi ya usajili, kutegemea jimbo, na mara nyingi kwa ada. Zilizokatwa kabla ya hapo usizihesabu tena.

Ukishajiandikisha, namba ya kodi yenye tarakimu 11 hutumwa kwa barua baada ya wiki chache. Ni ya maisha yako yote. Isipokuwepo bila kosa lako, mwajiri anaruhusiwa kukukadiria kodi ya kawaida kwa miezi isiyozidi 3. Baada ya hapo sheria inamlazimu akukate kwa daraja la VI la kodi, ambalo ndilo zito kuliko yote. Barua ikipotea, namba haitolewi kwa simu. Nenda na pasipoti kwenye ofisi ya kodi ya eneo lako, au omba itumwe upya, kwa posta tena, kwa hiyo hakikisha kwanza jina lipo kwenye sanduku.

Sasa bahasha ya manjano. Hii tungependa kila msafiri aijue kabla hajafunga mkoba. Barua ya mahakama, au ya ofisi inayotoza faini, huja katika bahasha ya manjano ambayo mpeleka barua huandika tarehe kwa kalamu na kuitumbukiza sandukuni. Tarehe hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu. Kwa faini na kwa hukumu ya jinai iliyoandikwa bila kesi kusikilizwa, una wiki 2 tu za kuweka pingamizi. Haijalishi uliifungua lini au kama uliielewa. Watu wengi hutupa bahasha na kubaki na barua, ilhali tarehe iko kwenye bahasha. Iweke. Mambo madogo hukua kwa njia hii: kupanda treni bila tiketi hutozwa euro 60 na pale pale yanaweza kuisha, lakini ni kosa la jinai pia, na asiyelipa wala kujibu barua anaweza kujikuta na hukumu. Barua usiyoielewa ipeleke siku hiyo hiyo kwa mtu anayesoma Kijerumani cha ofisini, au kwenye vituo vya ushauri kwa wahamiaji vya Caritas, Diakonie na AWO, ambavyo havitozi.

Barua ya ada ya redio na televisheni nayo itakuja, uwe na televisheni au usiwe nayo: euro 18.36 kwa mwezi, mara nyingi hudaiwa kwa miezi mitatu mitatu, yaani 55.08. Inalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Kama mwenzako wa nyumbani analipa tayari, jibu kwa kutaja namba yake ya malipo. Usikae kimya.

Kuhusu kibali cha ukaazi: ombi lifike ofisi ya wageni kabla ya siku ya mwisho ya viza, hata kama miadi ni miezi ijayo, na uwe na ushahidi wa kulituma. Ukingoja utapewa Fiktionsbescheinigung, yaani cheti cha muda cha anayesubiri kibali. Kabla ya kununua tikiti ya Nairobi au Dar es Salaam, angalia ndani kisanduku kipi kimetiwa alama. Kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4, kinakuruhusu kutoka na kurudi. Aya ya 3 hakikuruhusu kurudi.

Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania hutumika kwa miezi 6 tangu uanze kuishi huko. Kisha unafanya mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani, na wa nadharia haupo kwa Kiswahili.

Na anayerudi nyumbani kabisa ajifute kwenye usajili wa wakazi: kuanzia wiki 1 kabla ya kuondoka hadi wiki 2 baadaye. Uthibitisho wa kujifuta ndio utakaosimamisha bima na ada ya redio. Pia autunze pamoja na namba yake ya pensheni, kwa sababu Mkenya au Mtanzania aliyeondoka kabisa Umoja wa Ulaya anaweza, miezi 24 ikishapita tangu aache kuchangia, kudai arudishiwe michango yake ya pensheni, ile nusu iliyokatwa kwenye mshahara wake. Akishalipwa, haki ya pensheni kwa miaka hiyo inakwisha. Ni fedha nyingi, na hazimfuati mtu. Ni lazima ziombwe.

Ombi letu ni kwa vyuo vinavyofundisha Kijerumani Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Fomu ya Anmeldung na ile ya mwenye nyumba zinapatikana bure kwenye tovuti za miji ya Ujerumani. Zichapisheni, wanafunzi wa ngazi ya A2 wazijaze darasani kwa majina ya pasipoti zao, na mwalimu azisahihishe kama anavyosahihisha insha.

Wasomaji wenu,
wasaidizi wa wageni wapya, Hamburg