Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miche Yetu na Baridi ya Njombe

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zinalipwa kwa kusuasua kama kawaida, na wahusika wanajijua. Mimi nitazungumzia miche, maana ndiyo iliyotunyima usingizi mwaka huu.

Mwezi wa sita tulisia kabichi na nyanya kwenye banda jipya la plastiki, tukashusha mapazia usiku na mchana kwa kuogopa baridi. Wiki ya tatu nyanya zilikuwa ndefu, shina jembamba kama njiti, majani yameinuka juu. Wengine tulishangilia. Nami nilikuwemo.

Kumbe ulikuwa msiba. Mmea una protini iitwayo fitokromu B, ambayo tangu zamani ilijulikana kwa kazi ya kuhisi mwanga. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na wa Buenos Aires, Argentina, walionyesha kuwa ni kipimajoto pia. Ikiwa macho, hulizuia shina lisirefuke ovyo. Joto likizidi, hasa usiku, husinzia upesi, na shina hukimbia ili majani yakae mbali na udongo wa moto. Miche yetu ilikuwa inahangaika, sisi tukadhani inanenepa.

Tukaihamishia shambani. Asubuhi moja ya Julai sakitu, yaani umande ulioganda, ikaanguka. Kufika saa nne nyanya zote zilikuwa nyeusi, zimelala. Kabichi za bandani nazo zikaungua. Zilizosimama ni zile chache tulizosia nje, kando ya mfereji, kwa kukosa trei!

Siri iko kwenye mafuta. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Tazama mawese jikoni asubuhi ya baridi: yameganda, lakini alizeti pembeni yake inamiminika. Kabichi ikionjeshwa baridi kidogo kidogo huyageuza mafuta ya utando yawe laini kama alizeti, na hujaza sukari ndani ya seli. Ndiyo maana kabichi ya Julai ni tamu. Kwa Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara ulio wa ukoo mmoja na kabichi, vinasaba vya CBF vinavyoanzisha kazi hiyo huamka ndani ya dakika 15 hivi. Kuikamilisha huchukua siku kadhaa, na siku hizo kabichi za bandani hatukuzipa.

Nyanya nayo ina CBF, ila huamsha vinasaba vichache tu. Hata uizoeze baridi vipi, sakitu itaiua. Hapa naomba tusibishane tena.

Kwa hiyo kamati imeamua: mapazia yafunguliwe kila asubuhi; kabichi zitolewe nje siku kumi kabla ya kuhamishwa; nyanya zisipandwe shambani hadi sakitu iishe. Kipimajoto kimeshanunuliwa, kimefungwa kwenye nguzo ya katikati, usawa wa miche. Tafadhali asikihamishie mtu mlangoni.