Wasio na uti wa mgongo si kundi moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowafundisha watoto wetu habari za wanyama. Darasani wanyama hugawanywa mafungu mawili, wenye uti wa mgongo na wasio nao, kana kwamba mafungu hayo yana uzito sawa, ilhali hilo la pili lina zaidi ya asilimia 95 ya aina zote za wanyama zinazojulikana. Tena limejengwa juu ya kitu ambacho wanyama hao hawana, wala halimwambii mwanafunzi walicho nacho.

Maji yakipwa, tazama wanaobaki mwambani. Sifongo hana kinywa, tumbo wala mishipa ya fahamu. Mwili wake ni vitundu na mifereji ambamo seli zenye vijimkia husukuma maji na kuchuja chakula. Pweza, jamaa wa konokono na chaza, ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa kuwa oksijeni yake hubebwa kwa madini ya shaba, na sehemu kubwa ya seli zake za fahamu imo katika minyiri. Kaa naye hushikiliwa na gamba la nje, ambalo hana budi kulivua ili akue.

Jongoo bahari anastahili maelezo marefu zaidi, maana wavuvi wetu wamemvua miaka mingi kwa ajili ya masoko ya Asia na bado hatumjui. Yeye na kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ni wa ukoo mmoja, na mwili wake, ijapokuwa umerefuka na kulala ubavu, umepangwa kwa sehemu tano kuuzunguka mhimili mmoja. Hupumua kwa kuvuta maji kupitia tundu la haja, na baadhi ya aina zikitishwa hutema matumbo, kisha zikayaotesha upya. La ajabu kuliko yote ni kwamba ukoo huu uko karibu nasi binadamu kuliko ulivyo karibu na kaa au pweza: katika kiinitete chake tundu la kwanza huwa njia ya haja na kinywa hufuata baadaye, kama ilivyo katika kundi letu, na vinasaba vimethibitisha undugu huo. Basi mstari tunaouchora ubaoni humtenga jongoo bahari na jamaa zake wa karibu, ukamuunga na wa mbali.

Nawaomba wanaoandaa mitaala waanze na mpango wa mwili: una pande mbili zinazolingana au umejipanga kwa kuzunguka, una pingili au hauna, mifupa iko ndani, nje, au haipo. Shule za pwani ziwapeleke wanafunzi ufukweni wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, watazame bila kung'oa kitu. Za bara zina nyungunyungu mwenye pingili na konokono asiye nazo, na hao wanatosha kuanzia.

Mwalimu wa biolojia,
Tanga