Hili ni lindo, si ngoma

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makumbusho ya mila na desturi, hasa haya madogo ya mikoani.

Likizo iliyopita niliwachukua wanangu wawili pamoja na mama yangu mzazi, tukaenda kwenye makumbusho moja ya aina hiyo hapa mkoani Tabora. Jina la mahali silitaji. Sina nia ya kumchongea mtu kazi, na kijana aliyetupokea ni mwungwana kabisa. Mama alimsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka", naye akababaika kidogo kisha akaitikia kwa "Shikamoo, bibi." Yakaisha hapo, tukaingia.

Mama amevuka miaka sabini na amekulia upande wa Sikonge. Si mtu wa kucheka ovyo. Tulipofika chumba cha pili nikamsikia anacheka mpaka anashika kiuno. Alikuwa amesimama mbele ya chombo cha duara, kimo chake kama kinanifika gotini, cha gome la mti, kimeshonwa ubavuni kutoka juu mpaka chini. Chini yake pamebandikwa kikaratasi kilichochapwa vizuri: "Ngoma ya asili."

"Mwanangu," akamwuliza yule kijana, "ngoma hii mnaipiga huku juu au huku chini?"

Kijana akacheka naye, akidhani anataniwa. Mama akamwambia: hili ni lindo. Humu mnawekwa mtama, karanga, asali, nguo za bibi harusi. Ukilipiga litapasuka na mwenye nyumba atakufukuza.

Mhariri, dakika kumi zilizofuata ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mama aliwaeleza wajukuu kwamba gome hubanduliwa masika, mti ukiwa na maji, kwa sababu kiangazi linang'ang'ania na kuchanika. Likitoka zima linakunjwa duara kabla halijakauka, kingo zinapandanishwa na kushonwa kwa nyuzi zinazotoka kwenye gome la mti vilevile, kisha linatiwa kitako chini na kifuniko juu. Halafu akainama, akatazama mshono kwa karibu. "Huyu alikuwa na haraka," akasema. Tukatazama na sisi. Kweli, juu mishono ilikuwa imebanana, lakini kadiri ilivyoshuka ilizidi kuachana, kama mwandiko wa mtoto aliyechoka. Karibu na kitako palikuwa na kiraka kidogo cha gome jeusi zaidi. Panya, akasema mama. Panya alitoboa akifuata karanga, na mtu akakaa chini akaziba badala ya kutupa.

Mimi nilipita mbele ya chombo kile kabla yake na sikuona mshono wala kiraka. Nilisoma "Ngoma ya asili", nikaamini, nikasonga mbele. Na nimezaliwa hapahapa.

Kwenye meza nyingine kulikuwa na sahani mbili zenye kikaratasi kimoja: "Viazi vikavu." Hapo mama hakucheka, alikasirika. Sahani moja ilikuwa ya michembe na nyingine ya matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, na unaweza kuvitafuna hivyohivyo njiani bila kuwasha moto. Kuviita vyote viazi vikavu ni sawa na kuweka dagaa na migebuka kwenye sahani moja ukaandika "samaki", kisha umkaribishe mtu wa Kigoma aje kuangalia.

Hoja yangu ni hiyo. Kitu kilichowekwa kabatini bila jina lake na bila mtu aliyewahi kukitumia hakimfundishi mtoto chochote. Neno "asili" limekuwa blanketi la kufunikia yote tusiyotaka kuyauliza: chungu cha asili, kiti cha asili, dawa ya asili. Asili ya nani? Kiliitwaje nyumbani kwao?

Habari za wageni wetu, kinyume chake, tunazo kwa tarehe. Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, lipo tembe alimokaa Stanley mwaka 1871, na ambamo Livingstone alikuwapo tangu Februari mpaka Agosti 1872 akisubiri wapagazi kabla ya safari yake ya mwisho. Ni mahali pa kwenda, na mlango ule wa nakshi peke yake unalipa nauli. Lakini fikiria: Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika huku Juni. Miezi mitatu kwa miguu, na mzigo haujitembezi. Nguo, shanga na waya vilipanda kuja bara, na pembe za ndovu zikateremka kwenda pwani, vichwani na mabegani mwa watu, na katika njia hiyo Wanyamwezi ndio waliokuwa wakisifika kwa upagazi. Susi na Chuma tunawajua kwa majina kwa kuwa waliusindikiza mwili wa Livingstone mpaka pwani. Mpagazi wa Unyanyembe, yaani wa huku kwetu Tabora, alifungaje mzigo wake? Kamba ile iliitwaje? Mwulize mwanafunzi wa sekondari yoyote hapa mjini. Atakutajia mwaka aliokufa mtemi Mirambo, 1884, kwa kuwa umo kwenye daftari. Kamba hataijua.

Jirani zetu Wasukuma wametutangulia. Pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement wa Kanada, kila Juni hufanyika sherehe ya Bulabo, na Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kucheza mbele ya umati. Pale ukiambiwa hii ni ngoma, utaisikia.

Sisi hatuhitaji kuanza kwa makubwa hivyo. Karatasi mpya ni shilingi ngapi? Iandikwe jina la kitu kwa lugha ya wenyewe kwanza, kwa herufi kubwa, halafu Kiswahili, na kijiji kilikotoka kama kinajulikana. Najua atatokea mtu aseme Kinyamwezi cha Sikonge si cha Urambo wala cha Nzega. Ni kweli, na ndiyo raha yenyewe: yaandikwe majina yote mawili au matatu, wageni wabishane wakiwa wamesimama hapohapo. Kisha atafutwe mzee mmoja au wawili, siku moja kwa wiki, wakae mle ndani waulizwe maswali. Walipwe. Si soda na "asante sana mzee", walipwe kama anavyolipwa mtu mwenye ujuzi. Yule kijana wa mapokezi akae pembeni yao na daftari, maana nilimwona jinsi alivyokuwa anamsikiliza mama. Alikuwa na njaa ya kujua. Hakuna aliyewahi kumwambia, na kikaratasi alikikuta kimeshabandikwa.

Sisemi turudi kubandua magome. Mti uliovuliwa gome kuzunguka shina hufa, na mizinga ya magome imemaliza miti mingi katika miombo yetu. Wanaohimiza wafugaji nyuki watumie mizinga ya mbao wana haki. Ndoo ya plastiki nayo inabana kuliko lindo lolote. Unga wa mama mwenyewe uko kwenye ndoo. Lakini kwa vile malindo yanatoweka majumbani, lile la makumbusho ndilo litakaloulizwa na wajukuu wa wanangu, na siku hiyo hatakuwapo mtu wa kucheka mbele ya kikaratasi.

Tukiwa tunatoka, kijana alimwomba mama amwandikie neno lile. Mama akamtajia herufi moja moja, naye akaandika kiganjani kwa kalamu ya wino: l-i-n-d-o. Sijui kama kikaratasi kimebadilishwa. Nitapita tena mwezi ujao.

Nyumbani mama analo lindo dogo la mama yake, chini ya kitanda, lina kanga mbili na cheti cha ubatizo. Amesema yuko tayari kulitoa likae makumbusho, ila kwanza asomewe kitakachoandikwa.

Mkazi wa Isevya,
Tabora