Burkini imezaliwa Sydney, siyo Uarabuni

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote.

Nimesoma barua ya yule ndugu aliyesema burkini, lile vazi la kuogelea linalofunika mwili mpaka kichwa, ni vazi la Waarabu limeletwa huku kutuharibia watoto, nikasoma na majibu ya waliomuunga mkono na waliompinga, na kilichonisikitisha ni kwamba wote wameanzia pale pale, kwamba hilo vazi limetoka Dubai au Saudia. Halijatoka huko jamani. Burkini imezaliwa Sydney, Australia, mwaka 2004, na aliyeitengeneza ni mama mmoja anaitwa Aheda Zanetti, mzaliwa wa Tripoli ya Lebanon aliyepelekwa Australia akiwa bado mdogo sana akakulia huko huko. Naomba nafasi nieleze, maana mi nina mabinti na tunakaa karibu na bahari, kwa hiyo hili kwangu siyo suala la kubishana tu.

Kilichoanzisha yote ni netiboli, hii hii wanayocheza wasichana wetu mashuleni. Aheda alienda kumuangalia mtoto wa dada yake akicheza, yule binti amevaa hijabu, suruali, fulana ya mikono mirefu halafu juu yake tena sare ya timu, uso umeiva kwa joto. Aheda akatafuta nguo ya michezo inayomfaa mtoto kama yule hakupata, akaamua ashone mwenyewe. Kwanza akatoa hijabu ya michezo, nyepesi, inavaliwa kama kofia, haina pini wala mafundo. Baadaye ndio akaingia kwenye mavazi ya kuogelea, suruali nyembamba, gauni fupi juu yake na kofia yake, kitambaa cha poliesta kinachokauka haraka, na ndani kuna vitanzi vya kushikiza gauni kwenye suruali lisielee juu ukiwa kwenye maji. Ameeleza mwenyewe kwamba mara ya kwanza kuogelea mbele za watu ilikuwa siku alipolijaribu lile vazi. Mwanamke amekulia Sydney, mji umezungukwa na bahari, na alikuwa hajawahi kuogelea hadharani.

Sasa watu husema Australia ni nchi ya bikini kwa hiyo hili vazi la kujisitiri haliwezi kuwa la kwao. Historia ya zile fukwe inasema vingine kabisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita kuogelea baharini mchana ilikuwa marufuku huko Sydney, mtu aoge alfajiri au usiku. Aliyeivunja hiyo sheria mwaka 1902 ni mhariri wa gazeti mwenzako, William Gocher wa Manly, kitongoji cha pwani cha Sydney, alitangaza kwenye gazeti lake kwamba ataingia majini mchana kweupe na akaingia, na haikupita muda kuogelea mchana kukaruhusiwa ila kwa sharti uvae nguo ya kutoka shingoni mpaka magotini. Mwaka 1907 mameya wa pwani wakataka hata wanaume wavae vazi lenye kitu kama sketi, wanaume wakaandamana kwenye ufukwe wa Bondi, huko huko Sydney, wamevaa nguo za kike kupinga. Na Annette Kellerman, mwogeleaji maarufu aliyezaliwa Sydney mwaka 1886, alipozuiwa Uingereza asioneshe miguu alichukua soksi ndefu nyeusi akazishonea kwenye nguo yake ya kuogelea akafunikwa mpaka vidoleni, akaogelea hivyo hivyo. Lile vazi lake ndilo lililowafungulia wanawake wengi mlango wa kuogelea kwa nguo inayobana mwili badala ya magauni mazito. Kwa hiyo karibu miaka 100 kabla ya Aheda, binti mwingine wa Sydney alishakaa na sindano na uzi akitafuta namna ya kuogelea bila kugombana na wakubwa.

Hata Speedo, kampuni ya nguo za kuogelea ambayo kila mtu anaijua, ni ya huko huko. Alexander MacRae alitoka Scotland akaanzisha kiwanda cha nguo za kufuma Sydney mwaka 1914, jina la Speedo likaja 1928, wakakata nguo mgongoni ili mabega yawe huru. Mwaka 1932 kwenye Olimpiki ya Los Angeles, Clare Dennis, mwogeleaji wa Australia, msichana wa miaka 16, alilalamikiwa kwamba nguo yake inaonesha mabega sana, nusura aondolewe, na bado akachukua dhahabu ya mita 200. Ukiviweka pamoja hivi vyote unaona mwanamke wa Australia alikuwa anapimwa nguo ufukweni tangu zamani, mara amefunika kidogo, mara amefunika sana.

Halafu kuna jua. Australia ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa saratani ya ngozi na tangu mwaka 1981 wanafanya kampeni kubwa ya kuwaambia watu wavae shati, wapake krimu, wavae kofia. Ukienda fukwe zao unakuta watoto wa Kizungu kabisa wameingia majini na fulana za mikono mirefu zinazobana mwili, hakuna anayeshangaa. Na burkini hainunuliwi na Waislamu peke yao, wapo wanaoivaa kwa ajili ya ngozi tu. Nigella Lawson, yule mpishi wa Uingereza, alipigwa picha Bondi mwaka 2011 akiwa ameivaa na siyo Muislamu.

Lakini sitaki kusema mambo yalikuwa mepesi. Desemba 2005 palitokea vurugu mbaya kwenye ufukwe wa Cronulla, kusini mwa Sydney, maelfu ya watu walikusanyika na wenye sura ya Kiarabu wakapigwa hadharani. Baada ya hapo chama cha waokoaji wa baharini kikaanza kuwatafuta vijana wa Kiislamu kuwafundisha uokoaji, na Aheda akaombwa ashone burkini ya rangi za waokoaji, nyekundu na njano. Mwaka 2007 binti mmoja anaitwa Mecca Laalaa akafuzu uokoaji akiwa amevaa hiyo. Mimi hapa ndipo huwa nasimama kidogo, maana sare nyekundu na njano kwa Waaustralia ni kitu cha heshima sana, na binti wa Kilebanoni akapewa ailinde bahari na watu wake wote, wakiwemo wale waliomtukana. Miaka 9 baadaye miji ya pwani Ufaransa ikapiga marufuku vazi hilo hilo mpaka mahakama yao ya juu ya utawala ikasimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet, Agosti 2016.

Na huku kwetu msisahau Nungwi, Unguja, kupitia mradi wa Panje wasichana wamefundishwa kuogelea na kuokoa mtu wakiwa na nguo za mwili mzima, picha zao zikapata tuzo kwenye World Press Photo, mashindano ya dunia ya picha za habari, mwaka 2018. Kabla ya hapo wazazi wengi walikataa kwa sababu hakukuwa na nguo inayofaa. Tunakaa visiwani na pwani, tunapanda boti kila siku, tumezika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama mwaka 2011, halafu binti hajui hata kuelea!

Kwa hiyo naomba Mhariri gazeti lisahihishe ile habari ya Uarabuni, na waalimu wa michezo wa pwani waruhusu vazi hili kwenye vipindi vya kuogelea. Wazazi wenzangu nawaomba msimuingize mtoto baharini na buibui wala khanga, buibui linamzonga miguu na pamba inakunywa maji inakuwa nzito inamvuta chini. Siyo lazima ununue ya dukani ya bei mbaya, fundi anaweza kushona, mwambie tu poliesta inayovutika, suruali ibane kwenye kifundo cha mguu, gauni liishie juu ya magoti na asisahau vile vitanzi vya kiunoni.

Mama wa mabinti,
Tanga