Usipulize Dawa Kabla ya Kutazama Juu

Masasi,
Aprili, jioni

Swahiba yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Huku kwetu sote wazima, mvua bado zinatuachia asubuhi moja moja za kufanya kazi. Pole tena na msiba wa baba mkubwa. Nimefurahi kusikia kwamba shamba la Tandahimba umelichukua wewe na halikuuzwa.

Umeniuliza dawa gani ununue ya wale wadudu wanaoitwa mbu wa mikorosho. Umesema pia vibarua wanataka mpulize mapema ili muwamalize pia maji moto, wale chungu wanaoshona majani, maana wanawauma wakati wa kupogolea. Hamisi, nakusihi, hao maji moto usiwaguse. Huenda ndio urithi mkubwa kuliko wote aliokuachia mzee, na hakuna duka litakalokuuzia wengine ukishawamaliza.

Ngoja nikueleze wanafanya nini. Mbu wa mikorosho anafyonza machipukizi laini na vikonyo vya maua. Panabaki madoa meusi marefu, kisha chipukizi linakauka kuanzia nchani. Mwenzake, kunguni wa minazi, anapenda korosho changa. Akiitoboa ikiwa ndogo inasinyaa na kuanguka. Akiitoboa imeshakomaa kidogo, inaendelea kukua, lakini ukiibangua unakuta kiini kina vidoa vilivyobonyea. Korosho za namna hiyo ndizo zinazokushusha daraja la pili pale chama cha msingi, na mkulima anabaki kulaumu mizani. Wadudu wote hao wawili maji moto huwawinda mchana kutwa. Nimemwona kunguni akitua kwenye shada la maua: chungu mmoja alimkamata mguu, mwingine mguu wa pili, wakamvuta pande zote mpaka akatanuka, asiweze kuruka wala kuchoma. Baadaye walimbeba mzima mzima hadi kiotani. Hata wale wasiokamatwa hawapati nafasi ya kutulia na kufyonza, wanafukuzwa kila wanapotua.

Na mti wenyewe unawakaribisha. Majani na machipukizi ya mkorosho yana vitundu vidogo vinavyotoa utamu, na maji moto wanapita hapo kuramba. Wanakuwa zamu palepale ambapo mbu angetaka kuuma.

Usidhani haya ni maneno ya wazee tu. Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, nazi changa zilikuwa zikidondoka ovyo. Mtafiti wa Kiingereza, Michael Way, alichunguza minazi akakuta ile yenye maji moto inashika nazi zake, na ile iliyotawaliwa na aina nyingine za chungu inaachwa wazi kwa kunguni. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1953, na yule kunguni jina lake la kisayansi hadi leo ni Pseudotheraptus wayi, kwa ajili yake. Huku kwetu, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele nao wamewafanyia kazi maji moto kwenye mikorosho. Kusini mwa China, ndugu wa chungu hawa wametajwa kwenye maandishi ya mwaka 304: wakulima wa michungwa walinunua viota sokoni, wakaenda kuvitundika mitini. Kwa hiyo jambo hili lina miaka zaidi ya elfu moja na mia saba likifanyiwa kazi.

Bibi yako atakumbuka na habari ya muhogo. Yule mdudu mweupe wa ungaunga aliyetokea Amerika ya Kusini alionekana Zaire mwaka 1973, akasambaa nchi baada ya nchi, na watu wakalala njaa. Dawa isingemfikia kila mkulima. Watu wa taasisi ya utafiti ya IITA, Nigeria, wakiongozwa na Hans Herren, wakamtafuta adui yake kwao alikotoka. Nyigu mdogo, mfupi kuliko punje ya mchele, alipatikana Paraguay mwaka 1981, akaletwa Nigeria na kuachiliwa mwaka huohuo. Anataga yai ndani ya yule mdudu, na mtoto anamla kutoka ndani. Mashamba yalipona bila mkulima kutoa senti. Tofauti yako wewe na wao ni kwamba adui wa kunguni huna haja ya kumwagiza kutoka ng'ambo. Yuko juu ya mti wako.

Sasa ya kufanya. Kabla ya jambo lolote, zunguka shamba zima na kamba za rangi, ufunge kila mkorosho wenye viota hai. Kiota hai kina majani mabichi na nyuzi nyeupe, na ukikigonga wanatoka mbio. Ukibahatika utawakuta wanashona: wengine wamejipanga ukingoni mwa jani wanalivuta kwa meno, wakishindwa kufika wanashikana viuno kama mnyororo, na wengine wamebeba watoto wao midomoni. Wanamgusisha mtoto huku na huku, na yule mtoto anatoa uzi wa hariri unaoyashikanisha majani.

Miti isiyo na maji moto unaweza kuwahamishia. Kata viota alfajiri au jioni, wengi wakiwa ndani, utie kwenye kiroba na ufunge vizuri. Lakini angalia: kundi moja lina viota vingi, pengine miti kadhaa, na malkia ni mmoja tu. Ukichanganya makundi mawili watauana wote. Kupima ni rahisi. Chukua chungu wachache wa mti huu uwaweke kwenye tawi la mti ule. Wakipapasana na kupishana, ni ndugu. Wakikamatana, achana nao. Jitahidi umpate malkia, ambaye mara nyingi yuko kwenye kiota cha juu kabisa, maana kundi lisilo naye litapungua mpaka liishe. Miti ya kundi moja iunganishe kwa kamba ili wavuke bila kushuka chini, na wiki za mwanzo wawekee maji ya sukari na dagaa kidogo.

Chini nako kuna adui yao, wale chungu wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa. Hao wakipanda mtini, maji moto wanahama. Na hapa vibarua wako watashangaa: shamba lililofagiliwa jeupe linawapendeza hao wadogo. Majani mafupi yakibaki, wanapata chakula chao chini, hawana sababu ya kupanda. Kwa hiyo fyekeni, msikwangue mpaka udongo uonekane. Pale tu pa kuokotea korosho ndipo pasafishwe wakati wa mavuno.

Kuhusu kuumwa, ni kweli wanauma na majimaji wanayorusha yanawasha, sitakataa. Pogoleeni asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi, vibarua wajipake majivu mikononi na miguuni, na wanaopanda wavae mikono mirefu. Korosho zenyewe mnaokota chini, si kama mkwezi wa nazi asiye na namna.

Jambo moja usilichanganye: ubwiri unga ni ugonjwa, na maji moto hawatibu ugonjwa. Salfa utaendelea kupuliza kwa wakati wake. Ninachokukataza ni dawa ya wadudu kwenye miti uliyoifunga kamba. Ikiwa kona fulani haina chungu kabisa na mbu wamezidi, ongea na bwana shamba, mpulize kona hiyo peke yake, siku isiyo na upepo.

Mwezi wa sita, machipukizi yakianza, nitakuja tukae siku mbili tatu tuyakague pamoja. Wakati huohuo niandikie ni miti mingapi umeikuta na viota, na kama ile michungwa ya mpakani bado ipo, maana maji moto wanaipenda na tunaweza kuanzia hapo kukata viota.

Msalimie mama mkubwa na watoto wote.

Wako,
Salum