Kanisa lililopakiwa kwenye lori

Borna, Ujerumani
Jumapili jioni, Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini goti limetulia, na kwamba zile dawa unazimeza, huzifichi chini ya mto kama mwaka jana. Mimi mzima, ila baridi imeanza kuuma, na saa kumi na moja jioni huku ni giza totoro.

Ujumbe wa kaka nimeupata pamoja na ile orodha ya michango ya mnara wa kanisa. Nimeona mmeniandikia euro 500. Kwanza nilicheka, kisha nikakaa chini nikafikiri, ndiyo maana nakuandikia barua. Kwenye simu ningesema "sawa, nitajitahidi", halafu yakaishia hapo.

Nikusimulie kwanza habari za usharika ninaosali huku, maana najua unadhani Walutheri wa Ujerumani, waliotuletea Injili, wanajaza makanisa mpaka nje. Mama, Jumapili iliyopita tulikuwa kumi na mmoja. Kumi na wawili ukimhesabu mpiga kinanda, ambaye husema wazi kwamba yeye haamini, anapenda muziki tu.

Mchungaji wetu alistaafu mwaka juzi na hakuletwa mwingine. Tumeunganishwa na vijiji vingine sita, mchungaji ni mmoja, na kwetu anafika mara moja kwa mwezi. Nyumba ya mchungaji imeuzwa. Kanisa lenyewe bado tunalo, lina mawe ya karne nyingi, lakini gharama ya kulipasha joto haibebeki, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Pasaka tunasali kwenye chumba kidogo pembeni, kwenye viti vya plastiki.

Huku sadaka inakusanywa na serikali, usishangae. Inakatwa kwenye mshahara pamoja na kodi: ukidaiwa kodi ya mapato euro 100, kanisa linapata 9 juu yake. Asiyetaka anakwenda ofisi ya serikali, analipa ada, anasaini, basi si mkristo tena kwenye vitabu. Mwaka 2023 peke yake, watu wapatao 380,000 walijiondoa hivyo katika makanisa ya Kiprotestanti nchini humu. Hakuna mzee wa kanisa anayekuja kukugongea mlango kuuliza kulikoni. Nadhani hapo ndipo palipoharibika, lakini mimi ni mgeni, na mgeni hasemi yote.

Sasa nikueleze kuhusu bibi mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee. Ana miaka 81, mkali kama shangazi. Alipokuwa na miaka 14, wakati wa serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, vijana walitakiwa kula kiapo cha utii kwa dola badala ya kipaimara. Yeye akachagua kipaimara. Kwa ajili hiyo alinyimwa nafasi ya kuendelea na shule ya juu, akaishia kushona nguo kiwandani maisha yake yote. Nilimuuliza kama hakujuta. Akasema alijuta sana, hasa siku za mishahara. Nimempenda kwa jibu hilo.

Kijiji alichozaliwa hakipo tena. Huku kusini mwa Leipzig wanachimba makaa ya mawe kwa mashimo makubwa ya wazi, na vijiji vingi vimeliwa, nyumba, makaburi na vyote. Alipoona nimenyamaza akaniambia siku yangu ya mapumziko niende kulitazama kanisa la Emau, hapa hapa Borna, kando ya kanisa kubwa la mjini. Mama, kanisa lile lilisafiri! Lilikuwa katika kijiji cha Heuersdorf, lina zaidi ya miaka 700. Mgodi ulipofika, walilifunga vyuma, wakalinyanyua zima zima na mawe yake, zaidi ya tani 600, wakalipakia kwenye gari lenye magurudumu yasiyohesabika, wakalitembeza polepole kilomita kama 12. Lilifika hapa tarehe 31 Oktoba 2007, siku ya Matengenezo ya Kanisa. Bibi alisimama barabarani kulitazama likipita. Anasema watu walipiga makofi, yeye akalia, kwa sababu kanisa lilikuwa linakuja lakini kijiji hakikuja nalo.

Nilikaa ndani yake karibu saa nzima. Ni dogo, kama lile la mtaa wetu kabla halijaongezwa. Nikawawaza wale wanafunzi wawili wa Yesu kwenye njia ya Emau, wanaondoka Yerusalemu wakidhani mambo yamekwisha, na wanayemlilia anatembea nao hatua kwa hatua. Hawakumjua mpaka walipomkaribisha mezani.

Nikarudi usharikani na fikra hizo, na hapo ndipo nilipoponzwa na mdomo wangu. Wazee wa kanisa walikuwa wanajadili kama Jumapili zisizo na mchungaji wafunge tu. Nikasema kwetu mtaani mchungaji alikuwa akija mara chache, lakini sikumbuki Jumapili hata moja ambayo kanisa halikufunguliwa, kwa sababu baba alikuwepo kuongoza ibada. Nikawaambia habari ambazo babu alitusimulia za baba yake: jinsi wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, walivyofukuzwa na Waingereza mwaka 1920 baada ya vita, na walimu wa kanisa wakabaki peke yao, wakifundisha watoto, wakizika wafu, wakiandaa watu kwa ubatizo, miaka mingi kabla ya Mchaga wa kwanza kubarikiwa uchungaji. Leipzig yenyewe haifiki saa moja kutoka hapa kwa treni, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeijua habari hiyo. Mzee mmoja akanitazama, akasema: "Basi wewe ongoza Jumapili ijayo."

Nikaongoza, mama, kwa Kijerumani changu cha kuchechemea. Hotuba waliniletea imeandikwa, nikasoma. Lakini kwenye maombi nikasahau kwamba wenzetu huomba kwa karatasi. Nikafumba macho nikaomba kama tunavyoomba jumuiyani, nikawataja wagonjwa kwa majina, nikaomba na kwa ajili ya paa linalovuja. Nilipofumbua macho wote walikuwa wananitazama. Nikadhani nimeharibu. Baadaye mama mmoja akaja kunishika mkono, akaniuliza kama wiki ijayo naweza kumtaja mwanawe.

Habari ya paa ilizaa nyingine. Mwezi wa kumi, sikukuu ya mavuno, niliwafundisha mnada baada ya ibada. Walileta maboga, jamu, tufaha na mayai. Mwanzoni walinunua kwa haya, kila mtu bei ya dukani. Nikanunua boga moja kwa euro 10, nikalirudisha liuzwe tena. Walishangaa kwanza, kisha wakaelewa, na lile boga likauzwa mara nne! Hela hazikutosha paa, zilitosha bomba la maji ya mvua.

Sasa kuhusu mnara. Nitatoa euro 300, si 500, na naomba uwaambie kamati ya ujenzi hivi: 150 ziende kwenye mnara, na 150 zimfikie mwinjilisti wa mtaa mkononi mwake, kwa posho anayocheleweshewa. Kaka atanuna, najua. Mwambie nimeyaona majengo mazuri huku yakifungwa Novemba kwa kukosa watu wa kulipia joto, na nimeuona usharika wa watu kumi na mmoja ukifunguliwa kwa sababu kuna anayeweza kusimama mbele. Mnara mjenge, nitafurahi kuuona. Ila msimpunje huyo.

La mwisho. Jumapili ya pili ya Majilio naongoza tena, na safari hii hawakuniletea karatasi. Mtoto wa mama mdogo anasafiri kuja huku mwishoni mwa mwezi huu. Mpe lile daftari la baba la mahubiri, lenye jalada la bluu, liko kwenye sanduku chini ya vitenge. Lifunge kwenye nailoni lisilowe.

Nisalimie jumuiya yote. Ufunguo wa chumba chetu cha ibada nimepewa mimi, kwa sababu ndiye ninayeamka mapema kuwasha joto.

Ni mimi kitindamimba wako.

Na viatu vya kanisani nilivyokutumia uvivae, mama, usiviweke kabatini.