Breki za upepo si za kupampu

Mhariri, naomba nafasi niongee na madereva wenzangu wa malori, maana kuna kitu kinanikera. Mtu anashuka mteremko mrefu na mzigo kamili halafu anakanyaga na kuachia breki kila sekunde kama anajaza baiskeli upepo, eti anazilinda zisipate moto! Kila ukikanyaga ukaachia, upepo unatoka nje, na kompresa, ile pampu ya upepo, isipowahi kujaza matangi ya upepo geji inashuka, ikifika kama 60 psi (kipimo cha msukumo wa upepo) alamu inalia, ukiidharau ikazidi kushuka hadi kati ya 45 na 20 hivi, springi za breki zinabana magurudumu zenyewe na hapo huchagui tena usimame wapi.

Ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, usisubiri katikati maana gari likishachanganya spidi gia inaweza kugoma kuingia. Injini ndo ishike gari, breki zisaidie tu. Ukifika spidi uliyojiwekea kanyaga kwa nguvu ya kutosha, shusha kama kilomita 8 kwa saa, achia, spidi ikipanda tena rudia. Na nyutro mteremkoni, jamani, hapana.

Jioni toeni maji yaliyojikusanya ndani ya matangi ya upepo, wengi wanaruka hii. Asubuhi jaza upepo, zima injini, achia hendibreki huku umeweka vigingi vya kuzuia magurudumu, sikiliza kama kuna paipu inavuja. Wenye magari nao waache kumharakisha dereva akiwa anakagua.

Dereva wa lori